Kamera Iliyojua Sitara

Mwezi uliopita binti yangu asomaye Mombasa alinipigia simu. Baada ya shikamoo na kuulizana hali, akaniuliza, "Baba, ile kamera yenu ya zamani ipo?" Nikamwuliza ni ipi aitakayo, kwani nyumba ya mwandishi haikosi vyuma vibovu. Akasema, "Ile ya arusi ya shangazi, ya rangi ya fedha. Ile ambayo si simu."

Ajabu ya Musa! Kumbe tangu mwaka 2022 au 2023 hivi vijana wa Ulaya, Marekani na Asia wamezirudia kamera za dijitali za mwanzo mwanzo, zile tulizozitupa chini ya vitanda, na fasheni hiyo imekwisha kuvuka kivuko cha Likoni. Wanasema picha zake zina utu uzima. Rangi zimefifia kidogo, taa yake yamulika uso kama umeme wa masika. Kijana mwenye simu ya megapikseli hamsini yuatafuta kamera ya megapikseli mbili! Sikumcheka sana, kwani nami katika ujana wangu nilitafuta kofia ya vito ya babu yangu ilhali yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kuiacha.

Basi nikaenda kuitafuta. Nikaikuta katika sanduku la marehemu mama, Mwenyezi Mungu amrehemu, chini ya leso zake mbili na msala. Betri zilikuwa zimeozea ndani, zimetoa unga wa kijani kama kutu ya sufuria ya shaba. Kamera yenyewe imekufa. Lakini ubavuni mwake palikuwa na mkebe mdogo wa halua, na ndani ya mkebe, imefungwa kwa kipande cha karatasi, kadi moja nyeusi, nyembamba kama karata. Nikakaa kitako sakafuni. Kadi hiyo sote nyumbani tulikuwa tunaamini imefutwa zaidi ya miaka ishirini iliyopita.

Nitairudia hadithi ya kadi. Kwanza nataka niwakumbushe wasomaji, hasa wale waliozaliwa juzi, picha ilikuwa na safari gani katika pwani yetu hii ya kusini kabla ya kamera hizo kufika; kwani asiyejua safari ile hataelewa kwa nini nasema, nami nasema nikijua kuna watakaoning'ong'a, kwamba mashine ya picha iliyopata kumheshimu mwanamke wa Kiislamu kuliko zote ni ile kamera duni ya dijitali ya mwanzo.

Ukiwa Msambweni, Gazi, Vanga au Shimoni, ulinunua mkanda wa picha 36, au 24 ukiwa huna kitu. Mkanda mmoja ulianza Idi ndogo na ukamalizika Maulidi. Ukiisha kujaa, ulifungwa vizuri, ukapanda matatu hadi Likoni, ukavuka feri, ukaingia mjini, ukapokewa dukani, ukaandikiwa kijikaratasi, nawe ukaambiwa rudi baada ya siku kadha wa kadha. Sasa hesabu macho. Yupo aliyeuosha ule mkanda gizani, yupo aliyechapa picha, yupo aliyezipanga katika bahasha, yupo mwenye duka aliyezipitia moja moja ili ahesabu zilizotoka, na yupo kijana wa kutumwatumwa. Aghalabu wote ni wanaume. Kama mkanda ule ulikuwa wa sherehe ya watu kwenye mabarza na ngalawa, hakuna neno. Lakini kama ulikuwa wa kupamba?

Wasomaji wa pwani hawahitaji kufundishwa maana ya kupamba. Ni usiku wa wanawake. Mabuibui hutundikwa, nywele huachwa wazi, asumini na marashi, mama wazima waliokwisha kuzaa watoto wanane huamka wakacheza kama wasichana, na bibi arusi hukaa juu atazamwe na wanawake wenzake. Mlango umefungwa. Hata bwana arusi haruhusiwi mpaka saa yake. Ukumbi mzima ule ni amana. Kila aliyejifunua amejifunua kwa kuwaamini waliomo ndani. Kisha mkanda wa picha utoke kesho yake, uende kwa wanaume watano wasiojulikana upande wa pili wa maji!

Namkumbuka bibi arusi mmoja wa kwetu, miaka ya mwisho ya 1980. Picha zake zilioshwa katika duka moja mjini ambalo sitalitaja. Zilirudi zote, salama, hata moja haikupungua. Miezi miwili baadaye kaka yake alipita mbele ya duka lile kwa shughuli zake, akamwona dada yake kiooni, amekuzwa, amewekwa katika fremu ya dhahabu, anawatazama wapita njia. Mwenye duka hakuwa mtu mbaya. Alisema picha imetoka vizuri mno, naye ameiweka ili watu waone kazi. Akaitoa palepale, akaomba radhi, akaikabidhi. Lakini kaka mtu alipotoka nje swali likamjia: na ule mkanda wenyewe? Negativu iko wapi, na ni nakala ngapi zimekwisha kutolewa? Hapakuwa na wa kumjibu. Huo ndio uliokuwa utumwa wa filamu: hukuweza kuiona picha yako kabla haijaonwa na wengine.

Sisemi hivyo kwa kuwadharau mafundi wa zamani, la hasha. Pwani yetu ilipata mabingwa. Bwana Parekh wa Mombasa alipiga picha za mabibi na mabwana wa mji zilizotulia kama maji ya mtungi, na marehemu Omar Said Bakor wa Lamu alikuwa akikata picha na kuziunganisha upya mpaka mtu akajikuta amechomoza katikati ya ua. Na pale Likoni, karibu na feri, miaka ya 1990 kulikuwa na wapiga picha, wengi wao watu wa bara, waliojenga vibanda vya mbao na vitambaa, wakavipamba kwa meli, ndege na majumba ya kuchora. Mfanyakazi wa hoteli aliyekuja juzi kutoka kwao akapigwa akiwa kama yuapanda ndege kwenda London. Bibi mmoja Mjerumani, Heike Behrend, ameandika habari zao, na mwaka 2013 akatoa kitabu kizima juu ya picha na stara katika pwani hii. Mimi mwenyewe nimesimama mbele ya meli ile ya kuchora. Picha hiyo ninayo hadi leo, imeliwa na ukungu pembeni, meli imebaki nusu nami nimebaki mzima.

Chuoni tulifundishwa kuziogopa picha. Maalim wetu, aliyetusomesha juzuu ya Amma chini ya mkorosho kwa bakora na huruma, alisema picha ni ya pasi tu, na pasi ni ya Hija tu. Siku alipojaaliwa kwenda Makka alikwenda mjini kupigwa picha amekunja uso kama mtu anayenyweshwa shubiri. Wanazuoni wamehitilafiana katika jambo hili, nami si mufti. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa mufti wa Misri mwanzoni mwa karne ya ishirini, aliandika risala kusema kwamba picha ya kamera si uchongaji wala si kuigiza uumbaji, bali ni kukifunga kivuli alichokwisha kukiumba Mungu. Sheikh bin Baz wa Saudia aliikataza isipokuwa kwa dharura. Kila mmoja ana hoja zake na vitabu vyake. Mimi nimeongezea moja tu katika akili yangu ndogo: ikiwa picha ni kivuli kilichofungwa, basi swali kubwa ni ufunguo yuko nao nani.

Na tusisahau kwamba elimu yenyewe ya kukifunga kivuli ilipita mikononi mwetu. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra kama mwaka 965 na kufa Kairo kama mwaka 1040, ndiye aliyekaa katika chumba cha giza akaichunguza nuru ipitayo katika tundu dogo, akaeleza jua lililopatwa linavyoacha sura ya mwezi mwandamo ukutani. Kitabu chake cha Manadhir kilisomwa Ulaya kwa karne nyingi. (Wapo ndugu wanaopenda kusema kwamba neno "kamera" latokana na Kiarabu. Halitoki huko, ni Kilatini, maana yake chumba. Tuna sifa za kututosha bila ya kuiba.) Kutoka chumba kile hadi kamera isiyo na filamu ni safari ya miaka elfu. Mwaka 1969 Willard Boyle na George Smith wa Marekani waliunda kijibati cha kugeuza nuru kuwa umeme, jambo lililowapa Nobel mwaka 2009. Mwaka 1975 kijana wa kampuni ya Kodak, Steven Sasson, akakitia kijibati cha namna hiyo katika kisanduku cha uzito wa kilo tatu na nusu hivi, kikapiga picha nyeusi na nyeupe, na kuihifadhi katika kaseti kwa sekunde 23. Karibu muda wa kusoma Alhamdu bila haraka. Kodak, iliyokuwa mfalme wa filamu duniani, haikuitilia maanani sana mashine ile, na Januari mwaka 2012 ikaenda mahakamani kuomba hifadhi ya mufilisi.

Mimi niliiona kamera ya namna hii mara ya kwanza mwaka 1999, pwani ya Diani, upande wa Mwaepe wanakopaki wavuvi. Nilikuwa ripota mdogo wa kulipwa kwa habari iliyotoka, filamu zangu nikizikabidhi kwa dereva wa matatu. Watalii walikuwa wachache. Machafuko ya Likoni ya Agosti 1997 yalikuwa yamewafukuza, na hoteli kadha zilikuwa hazijapona. Basi alikuja Mjerumani mmoja mnene, amevaa shingoni dude kama tofali. Ilikuwa ni Sony Mavica, ile iliyokuwa ikitumia flopi, sahani zilezile za kompyuta za ofisini, moja ikiingia picha kama ishirini hivi. Mzee mmoja alikuwa amekaa juu ya mtumbwi anasuka lema. Mjerumani akampiga bila ya kusema naye, kama walivyofanya wenzake tangu hoteli ya kwanza kujengwa. Kisha, pengine kwa kujivuna na mashine yake mpya, akamsogelea akamwonyesha kioo cha nyuma.

Mzee akajitazama. Akatazama kwa muda. Kisha akaniambia mimi, "Mwanangu, mwambie anifute."

Nilimweleza yule mgeni kwa Kiingereza changu cha kuunga. Alishangaa, akacheka, akamtazama mzee, akaona hacheki. Akabonyeza kitufe. Mzee akataka aonyeshwe tena kioo. Palikuwa na mnazi tu, picha ya kabla yake. Akaitikia kwa kichwa akarudi kwa lema lake.

Wapenzi wasomaji, kwa miaka thelathini watu wetu wa Diani, Tiwi na Kinondo walipigwa picha na wageni, waume kwa wake, wakiteka maji, wakitoka shamba, wakiwa na leso moja kifuani, na picha zile zikaenda Ulaya zikawa kadi za posta. Hakuna aliyepata kusema "nifute" kwa sababu hakuna aliyepata kuona. Hii ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona mtu wa pwani anadai kivuli chake na anarudishiwa palepale. Niliiandika habari hiyo. Mhariri hakuitoa, alisema haina habari ndani yake.

Nyumbani kwetu kamera ya dijitali ilifika mwaka 2003, kwa arusi ya mdogo wangu wa kike. Binamu yetu aliyekuwa akifanya kazi Dubai aliileta kama zawadi: Olympus ya megapikseli mbili na kadi ya megabaiti 16, picha 32 kwa ubora wa wastani. Tuliipokea kama mtoto mchanga, na kama mtoto mchanga ilikuwa haishibi. Betri nne za dukani Ukunda iliziramba kwa picha tano ikazima. Ukibonyeza, ilifikiri kwanza. Ilipomaliza kufikiri mtu alikuwa amekwisha kugeuka, ukapata bega, au mlango aliotokea. Picha nzuri kuliko zote niliyoipiga ya ami yangu ni ya kisigino chake. Na juani kioo chake hakikuonekana kitu, ikabidi ujifunike leso kichwani pamoja na kamera ili uone ulichopiga. Wazee wakacheka wakasema tumerudi kwa wale mafundi wa zamani waliokuwa wakiingiza vichwa ndani ya kitambaa cheusi.

Usiku wa kupamba kamera ikaingia upande wa wanawake, nasi tukabaki nje na pilau. Aliyepewa kuishika ni mpwa wangu, binti wa dada yangu mkubwa, siku hizo ana miaka kumi na minne. Yaliyotokea ndani nimesimuliwa. Sikuwako na sikupaswa kuwako.

Mama yangu maisha yake yote alikuwa hapigwi picha. Alikuwa na moja tu, ya kitambulisho, amekodoa macho kama mtu aliyeitwa kituoni. Alipoona kamera alijifunika uso kwa leso. Mpwa wangu akamwambia, "Bibi, hii si kama zile. Nitakuonyesha, na usiyoitaka naifuta." Mama akasema, "Hebu." Akapigwa. Akaonyeshwa, akasema, "Futa." Akapigwa tena, "Futa." Wanawake wakaanza kucheka, kila mmoja akataka kuona, kila mmoja akawa ana hukumu yake: hii acha, hii futa, hii mkono wangu umekaa vibaya, hii nionyeshe tena. Ukumbi mzima ukawa mhariri. Na ilipofika mara ya nne au ya tano mama akajitazama kiooni, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hii iache."

Kitambulisho, kama mjuavyo, mtu akifa hurudishwa serikalini ndipo cheti cha mauti kitoke. Mama alifariki mwaka 2006. Nilipokikabidhi kile kitambulisho dirishani ndipo ilipokuja akilini mwangu kwamba nimekabidhi uso wake wa pekee. Tukaikumbuka ile "iache". Tukauliza kadi iko wapi. Kamera ilikuwa imekwisha kuharibika kwa chumvi, na kila mtu akasema kadi ilifutwa ikatumiwa tena, sijui na nani. Kumbe mwenyewe aliitoa akaiweka katika mkebe wa halua. Hakutuambia. Alijua waliomo ndani ya kadi ile ni nani na nani, na alijua nyumba yetu ina vijana.

Hapo ndipo napenda tupafikirie. Kamera ile ilikuwa na kasoro zote nilizozitaja, lakini ilikuwa na sifa moja kubwa ambayo siku zile hatukuitambua kuwa ni sifa: ilikuwa haina njia ya kwenda popote. Picha ilikuwa ndani ya kadi, na kadi ilikuwa mkononi mwa mtu. Nyumba ya mlango mmoja. Hakuna fundi wa kuosha, hakuna negativu dukani, na bado hakuna mtandao. Kwa miaka michache tu, baina ya kufa kwa mkanda na kuja kwa simu zenye kamera na intaneti pamoja, mwanamke wa pwani alipiga picha, akaiona yeye wa kwanza, akaihukumu, akaifunga, na ufunguo akabaki nao. Kabla ya hapo hakuwa na uwezo huo, na baada ya hapo amenyang'anywa.

Leo bibi arusi hajashuka jukwaani, picha yake imekwisha kufika Muskat na London. Kadi za mwaliko zinaandikwa kwamba simu haziruhusiwi. Kuna arusi simu zinakusanywa mlangoni katika kapu, kuna nyingine zinabandikwa karatasi juu ya jicho la kamera. Na bado zinapita. Atakayezipitisha si adui. Ni mwenzetu, rafiki, binamu, anayetaka kumwonyesha mamake aliyeko Jeddah. Anatuma kwa mmoja, mmoja anatuma kwa kumi. Katiba yetu ya mwaka 2010 yatupa haki ya faragha, na sheria ya kulinda data ya mwaka 2019 imeipa haki hiyo meno. Mwaka 2023 Kamishna wa Data alitoza ukumbi mmoja wa starehe wa Nairobi faini ya shilingi milioni moja na zaidi kwa kutangaza picha ya mteja bila idhini yake, na shule moja ikatozwa zaidi kwa picha za watoto. Ni jambo la kushukuriwa. Lakini mama wa Msambweni aliyeonekana na watu elfu nywele wazi, akilipwa milioni moja, nywele zitafunikwa?

Najua masheikh wetu wengine watasema dawa ni kukataza kamera kabisa ukumbini. Nawaheshimu, nami nimesoma kwao. Lakini nawauliza wao, na hasa nawauliza wale waliofiwa na mama: je, mnayo sura yake? Mimi kwa miaka kumi na tisa nilikuwa sinayo, na nasema mbele ya Mungu kwamba nilikuwa nimeanza kuisahau. Nilibakiwa na sauti yake na harufu ya udi wake, uso ukawa unayeyuka. Na wale wa upande wa pili, wanaosema dunia imebadilika, tuache kila kitu kiruke, hao sina la kuwauliza; watajiuliza wenyewe siku binti zao watakapoletewa picha na mtu wasiyemjua.

Rai yangu ni hii, nayo si ya mtaalamu. Hizo kamera za zamani ambazo vijana wanazitafuta kwa fasheni, tuzirudishe ukumbini kwa haja. Arusi moja, kamera moja isiyokuwa na mtandao, mwanamke mmoja mwaminifu wa kuishika, na kadi iwe mali ya bibi arusi kama ilivyo mahari yake. Simu zibaki kapuni. Kila atakayepigwa aonyeshwe, na akisema futa ifutwe palepale. Wapiga picha wa kike siku hizi wapo tele, Mombasa na Ukunda, na wenye akili miongoni mwao wanafanya hivyo tayari. Kisha zichapwe karatasini, kwani kadi nazo hufa. Hii yetu ni ya aina ya SmartMedia, iliyotolewa na Toshiba mwaka 1995. Olympus na Fujifilm waliokuwa wakiitegemea waliiacha walipoleta kadi nyingine mwaka 2002, mwaka mmoja kabla ya arusi yetu. Tulikuwa tunafunga kumbukumbu zetu katika sanduku ambalo mafundi wake walikuwa wamekwisha kuacha kutengeneza kufuli.

Basi nimekaa sakafuni, kadi mkononi. Nikampigia binti yangu nikamweleza. Akafurahi, akasema, "Baba, pale Ukunda kuna fundi, atazitoa nusu saa tu, akutumie kwa simu." Nikamwuliza, "Fundi huyo mwanamume au mwanamke?" Akanyamaza. Na hata mimi mwenyewe, mwanawe, ningezitazama vipi? Katika zile 32 mama yumo, lakini wamo na wake za watu, majirani, walimu wa madrasa, wengine leo ni mabibi wenye heshima zao wanaonipa salamu nikipita. Hawakujifunua mbele yangu. Usiku huo sikulala vizuri, nikaandika ubeti:

Kijikadi mfukoni, chembamba kama karata,
Mama yangu yumo ndani, hana njia ya kupita,
Nikimwita simuoni, sauti sijaipata,
Yu wapi wa kuamini, afungue kwa sitara?

Jibu lilikuwa wazi, ila nilichelewa kuliona. Nikampigia mpwa wangu, aliyeshika kamera ile usiku ule. Sasa ameolewa Gazi, ana watoto watatu. Binti yangu akaagiza Nairobi kile kidude cha kusomea kadi, kikachukua wiki tatu kufika. Mpwa wangu akaja Ijumaa baada ya sala, akaingia chumbani kwa dada yangu na kompyuta ya binti yangu, akafunga mlango. Mimi nikakaa barazani na kahawa. Nilimsikia akicheka peke yake. Kisha kimya. Kisha akacheka tena. Ikaadhiniwa alasiri, nikaenda nikasali, nikarudi, mlango bado umefungwa.

Alipotoka macho yake yalikuwa mekundu. Akasema 27 zimefunguka, tano zimekuwa mistari mitupu. Akanigeuzia kompyuta, amekwisha kuikata picha abaki mtu mmoja tu. Mama amekaa juu ya mkeka, nywele zimesukwa, kikuba kifuani, leso imeshuka mabegani. Anacheka mdomo wazi, pengo la upande wa kushoto laonekana. Pengo hilo nilikuwa nimelisahau kabisa.

"Ndiyo hii aliyosema iache," mpwa wangu akaniambia.

Nikakaa nayo kwa muda. Kisha nikauliza kama iko nyingine.

"Iko, mjomba. Nzuri kuliko hii. Lakini yuko na bibi wa nyumba ya pili, wamekumbatiana, siwezi kuwatenga. Naye yu hai. Ngoja nikamwulize kwanza."

Akaitoa kadi, akaifunga katika karatasi yake ileile, akairudisha katika mkebe wa halua, na mkebe akautia mkobani mwake. Kesho yake alikwenda kwa yule bibi. Alikuta amesafiri Vanga kwa mwanawe, na atarudi baada ya mwezi.